Filta Niliyoitafuta Ndani ya Mashine ya Hajji

Niwaambie upumbavu wangu mapema, kabla hamjausikia kwa wengine, maana Arua nzima inaujua na Koboko wanausimulia vizuri kuliko mimi. Niliwahi kufungua mashine ya sidii, mashine ya watu wenye uwezo, nikatafuta ndani yake filta ili niitoe, niioshe kwa petroli, niipulize, niirudishe. Usoni ilikuwa imeandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba ina filta ya dijitali. Mimi ni mtu wa mji ulio kwenye njia ya malori. Filta nilizozijua zilikuwa mbili tu, ya lori na ya sigara. Ya sigara niliiondoa haraka kwa akili zangu. Ikabaki ya lori.

Chekeni, lakini msiondoke. Ninyi vijana mnaovaa vitu masikioni siku hizi, mnaniletea simu na vichezeshi vyenu mnaniuliza, "Mzee, niweke filta gani? Niongeze sampuli mara ngapi?" Mnadhani mnamuuliza mtaalamu. Mnamuuliza mtu aliyelipia jibu hilo kwa jina lake, na ndiyo maana nawajibu polepole, tena nikiwa na mashaka.

Kazi yangu ilikuwa ufundi redio, na karakana yangu ilikuwa baraza ya nyumba yangu. Sikuwahi kukodi chumba sokoni. Watu walidhani ni ubahili. Ukweli ni kwamba sipendi kutoka nyumbani. Napenda kiti changu, birika langu, na kivuli cha ukuta wangu. Vita vya mwaka sabini na tisa ndivyo vilivyoniondoa, na hata hapo niliondoka karibu wa mwisho mtaani, nikiwa nimebeba godoro na redio isiyofanya kazi. Watu wakaniuliza njiani, redio mbovu ya nini? Nikawajibu kwamba ikiwa mbovu hakuna atakayeniibia. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yangu ya uhamishoni.

Redio hiyo mbovu ndiyo iliyonipeleka kwa Papa Etieni, fundi wa Ariwara, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, asiyemwamini kiumbe yeyote aliyekuja na redio mkononi.

"Mutu akileta redio," alikuwa akiniambia, "anasema imekufa yenyewe. Redio haikufaka yenyewe. Iko mutu aliiua, na mara mingi ni huyu huyu anakutazama."

Kabla ya kushika bisibisi alinusa. Kweli, alinusa redio kama mama anavyonusa mchuzi. Harufu ya kuungua ni transfoma. Harufu ya mkojo ni panya. Harufu ya manukato maana yake mke wa mwenye redio ndiye aliyeiangusha na mume hajui. Kisha alishika kila kitu cha nje: betri, waya, kila kitufe, kila swichi, moja baada ya nyingine. Siku moja alinipa redio iliyokufa akaniacha nayo. Nilifungua kila skrubu, nikaitandaza mezani kama samaki wa kukaushwa. Aliporudi akazungusha betri moja iliyokuwa imewekwa kichwa chini, akanitazama mimi, akaitazama meza, akaenda kunywa chai. Hakusema lolote. Ningependa angesema.

Sasa lazima mjue desturi moja, la sivyo hamtaelewa kilichonipata. Siku zile mafundi tulishukiwa wote, na wengine wetu kwa haki kabisa. Ulikuwa ukileta redio yenye spika nzuri, ukarudishiwa redio inayoimba na spika ya mtu mwingine. Tuliita hiyo kula spea. Kwa hiyo watu wakaanza kuweka alama. Mwenye redio alikuja na kichupa cha rangi ya kucha cha mkewe, fundi akafungua kifuniko mbele yake, naye akapaka nukta kwenye kila kitu alichoona ni kikubwa au kinang'aa. Akija kuchukua mali yake, kifuniko kinafunguliwa tena, anahesabu nukta zake. Hakuna aliyekasirika. Ilikuwa salamu tu, kama kumuuliza mtu watoto wake wameamkaje. Nimefungua redio zilizopakwa rangi mpaka zikafanana na bibi harusi.

Miaka ilipita, tukarudi nyumbani. Redio za mwisho za balbu, zile za kungoja zipate moto, zikaondoka, za transista zikabaki zenyewe, kaseti zikaja na penseli zake za kurudishia utepe. Na katika miaka ya tisini zikafika sidii. Mashine ya kwanza nzuri niliyoiona iliteremshwa kwenye baraza yangu na watu wawili, kwa uzito wake. Nyuma yao alikuja mwenyewe, Hajji Wani wa Koboko.

Hajji Wani alikuwa mtu wa familia ya jeshi, na yeye mwenyewe aliwahi kuendesha malori ya jeshi kabla ya kununua lori lake. Mashine hiyo ilitoka kwa kaka yake aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni. Hakuna aliyekuwa na kitu kama hicho kati ya Arua na mpakani. Usoni kulikuwa na kitufe kidogo chenye neno FILTER na taa tatu ndogo chini yake. Nyuma kulikuwa na swichi yenye nne upande mmoja na nane upande wa pili.

"Hii iko mara nane," Hajji akaniambia, akiipigapiga mgongoni, kwa Kiswahili chake cha kambini kinachoweka "na" mbele ya kila tendo, liwe la nani. "Redio zingine zote naimba mara moja."

"Inaumwa nini, Hajji?"

"Naruka. Wimbo nafika katikati, naruka kama mbuzi. Mimi nasema filta iko chafu. Barabara yetu iko vumbi."

Nikaitikia kwa kichwa, kama daktari. Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema sijui filta hii ni kitu gani, mambo yangeishia hapo. Lakini mtu mwenye lori alikuwa amesema neno la lori mbele ya wapita njia, na mimi fundi nisijue? Hajji akatoa rangi ya kucha nyekundu, akapaka nukta zake, akaenda zake.

Ugonjwa wa kuruka niliutibu upesi. Jicho lile linalosoma sidii lilikuwa na ukungu wa vumbi. Pamba kwenye kijiti, tone la spiriti, unafuta taratibu bila kukandamiza, unaacha likauke. Hilo bado ni kweli leo, lishikeni. Baada ya hapo ningefunga kifuniko. Lakini nilikuwa nimeahidi filta. Nikaitafuta. Niliangalia chini ya transfoma, nikaangalia nyuma ya trei. Nikamulika tochi kila pembe. Petroli ilikuwa tayari kwenye bakuli. Mwishowe nikajiambia kwamba mashine za siku hizi lazima zina mlango wa siri, na kitufe kilichoandikwa FILTER ndicho kinachoufungua. Nikakibonyeza, nikangoja kitu kichomoze. Hakikuchomoza. Nikabonyeza tena, nikaweka kiganja chini yake kuidaka. Nikabonyeza mara nyingi nisizozikumbuka. Kisha nikafunga mashine, nikamwambia Hajji filta iko salama.

Alihesabu nukta zake, akasikiliza wimbo kidogo huku kelele za barabarani zikifunika kila kitu, akaridhika, akaondoka nayo.

Wiki ileile alikuwa anamwoza binti yake, huko kijijini Midia. Mashine ikawashwa kwa jenereta mbele ya wakwe. Ule wimbo wa Kilingala alioujua kila mtu, wenye magitaa yanayokimbizana na matoazi yanayonong'ona juu yake, ukatoka umefunikwa. Magitaa yalikuwepo, matoazi yalikuwepo, lakini kama yanapigwa ndani ya blanketi. Mkwe mmoja akauliza kwa adabu kama mashine imechoshwa na safari. Hajji hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Fundi wa Arua alikuwa amekula spea.

Habari ile ilisafiri kwa malori, na malori hayalali. Ilifika Arua kabla sijamaliza chai, ikapita bila kusimama, ikafika Inde siku ya soko. Watu wakaanza kuja barazani kuchukua redio zao. Hawakugomba. Walikuja na tabasamu. Mmoja alisema amekumbuka kwamba redio yake haikuwa mbovu sana. Mwingine alisema anataka kuiuza ikiwa mbovu hivyohivyo. Walifungua vifuniko mbele yangu, wakatafuta nukta zao kwa vidole, wakaaga vizuri. Meza yangu ikabaki na pasi ya kuchomelea na birika.

Jirani yangu, Mama Ezati, ambaye anauza mafuta ya taa na haoni sababu ya kufunika maneno, alinikuta nimekaa.

"Koboko nasema wewe mwizi," akaniambia.

"Nimesikia."

"Sasa wewe nakaa."

"Sijaiba, Mama Ezati. Ukweli utajulikana."

"Nani ataleta hapa? Posta?"

Basi nikaenda Koboko. Sitawasimulia safari, maana mtu asiyependa kutoka nyumbani kila safari kwake ni ileile. Nilimkuta Hajji uani kwake na dereva wake, mkewe Mama Zaitun, na wazee watatu ambao walikuwa wamekaa kwa namna ya watu waliokuja kuhukumu.

"Fundi, karibu," Hajji akasema. "Kiti iko. Chai iko. Roho ya mashine yangu ndio haiko."

Nikaomba tufungue. Tukafungua. Nukta zote nyekundu zilikuwa mahali pake, hata moja haikukosekana. Nikapumua. Mama Zaitun akainama, akaweka kucha yake karibu na nukta, akalinganisha.

"Rangi iko yangu," akasema. "Lakini mutu naweza kununua rangi. Hata mimi nilinunua Arua."

Wazee wakaitikia. Kumbe nukta zilikuwa zinanimaliza badala ya kunisaidia: fundi aliyekula spea na kupaka rangi upya ni mwizi mwenye bidii.

Nami nikawa na mashaka yangu. Nikashuku jenereta. Nikashuku sidii kwamba ni ya kunakili. Nikamshuku dereva, aliyekuwa akitabasamu bila sababu. "Baada yangu mimi, nani mwingine alifungua?" nikauliza.

"Fundi," Hajji akasema polepole, "hapa kwangu hata sufuria hakuna mutu nafungua bila ruhusa."

Wakawasha. Nikasikiliza, nikaona Hajji alikuwa anasema kweli. Sauti ilikuwa imebadilika. Matoazi yalikuwa yamelazwa. Nikajikagua moyoni kama mtu anayekagua mifuko yake: je, inawezekana niliiba nikasahau? Nikaitazama mashine usoni kwa kukata tamaa tu. Taa ndogo ya tatu ndiyo iliyokuwa inawaka. Na mimi nilikumbuka kwamba Hajji alipoileta kwangu, nilipoijaribu mara ya kwanza, iliwaka ya kwanza.

Mkono ukanisogea wenyewe kuelekea kitufe. Kisha nikauzuia, na huo ndio uamuzi pekee wa busara katika habari hii yote. Ningebonyeza mwenyewe, sauti ingerudi, na wazee wale wangesema nini? Wangesema ameirudisha spea. Alikuja nayo mfukoni, akaona mambo yamekuwa makubwa, akaichomeka tulipokuwa tunakunywa chai. Hapo ningekuwa mwizi aliyethibitishwa.

Nikasimama. Nikatembea mpaka ukuta wa jiko, mbali na mashine, nikaweka mikono kichwani kama mfungwa. Watu wakashangaa.

"Hajji," nikasema, "bonyeza wewe mwenyewe hicho kitufe kilichoandikwa FILTER, mpaka taa ya kwanza iwake. Mimi niko hapa. Mama Zaitun, tazama mikono yangu."

Hajji akabonyeza. Taa ya kwanza ikawaka, na matoazi yakaamka.

Hajji hakufurahi. Alikunja uso.

"Nani aliweka tatu?"

"Mimi."

"Sababu gani?"

Hapo nikaona milango miwili, na yote miwili ilikuwa ya aibu. Ningeweza kusema niliweka tatu kwa ufundi wangu, kwa sababu nilizozisoma, na nikabaki fundi mkubwa mwenye masikio tofauti na yao. Lakini fundi mkubwa ndiye anayejua kipi cha kuiba. Nikachagua mlango mwingine.

"Nilikuwa nangoja filta itoke," nikasema.

"Itoke inaenda wapi?"

"Niioshe."

"Na nini?"

"Petroli."

Dereva aligeuka akakabili ukuta, mabega yakawa yanatikisika. Mzee mmoja akamuuliza mwenzake kwa Kikakwa nimesema nini, akaelezwa, akajifunika uso kwa kofia. Hajji peke yake hakucheka. Alikuwa mtu wa malori, na swali lake lilikuwa la mtu wa malori.

"Ulikuwa na petroli tayari?"

"Kwenye bakuli."

"Na ungepata hii filta, kweli ungeosha?"

"Ningeiosha, Hajji. Na brashi."

Hajji akakaa chini. "Sasa naamini," akawaambia wazee. "Mwizi hawezi kutunga hii."

Mama Zaitun hakuishia hapo, na namshukuru, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha somo ninalowapa ninyi bure. Alimwambia mumewe ageuze kiti, atazame ukuta. "Sisi tumepima masikio ya fundi," akasema. "Sasa tupime yako." Akawa anabonyeza, Hajji anataja. Ya kwanza na ya tatu hakukosea. Ya kwanza na ya pili alikosea karibu kila mara, akasingizia jenereta. Kisha mkewe akaenda nyuma ya mashine kwenye swichi ya nne na nane, akakohoa, hakugusa chochote.

"Hii iko ngapi?"

"Hii ndio nane!" Hajji akasema. "Nasikia nguvu yake."

Ilikuwa nne. Tangu Uarabuni ilikuwa nne, hakuna aliyewahi kuigusa.

Baadaye mhandisi mmoja wa mitambo, aliyepita Arua na redio yake ya safari, alinieleza kitu chenyewe, na nitawaeleza kama nilivyoshika. Ndani ya sidii hamna wimbo, mna namba. Namba hizo ni kama nukta zilizopigwa kwa haraka kwenye karatasi, na mashine lazima ipitishe mstari laini juu yake, isiache ngazi ngazi. Filta ya dijitali ndiye mchoraji wa mstari huo. Hana mwili wa kuoshwa. Mchoraji mmoja ni mkali: anafuata sauti nyembamba zote mpaka mwisho, lakini pale toazi linapogongwa ghafla huacha mtetemo kidogo pembeni. Mwingine ni mpole: hatetemeshi, lakini analaza sauti nyembamba mapema, na ndiye aliyewapigia wakwe wa Midia. Kuzidisha sampuli, ile mara nane ya Hajji, ni mashine kuweka nukta zake za katikati kati ya nukta zilizopo, ili mchoraji asihangaike. Nukta hizo inazikisia kwa hesabu. Haziongezi gitaa ambalo mpigaji hakulipiga.

Kwa hiyo mkiniuliza muweke ipi, nitawauliza mnasikiliza nini, kwa spika gani, na nani amewaambia. Chukueni wimbo mmoja mnaoujua kuliko jina la mkwe wenu. Sauti isizidishwe wala kupunguzwa mnapolinganisha, maana yenye nguvu zaidi kila mara huonekana bora, na huo ni uongo wa zamani kuliko umeme. Mtu mwingine abonyeze, ninyi mtazame ukuta. Sikilizeni matoazi, makofi, herufi "s" mdomoni mwa mwimbaji. Msiposikia tofauti, hakuna aibu. Acheni ya kwanza, mkalale. Na msisome kwanza jina la filta kwenye kioo, kwa sababu jina likiwa zuri masikio yanaanza kulitumikia. Mimi namshuku kila mtu anayesikia tofauti akiwa anatazama swichi, na wa kwanza ninayemshuku ni mimi.

Na kabla ya kufungua mashine ya mtu, angalieni kila swichi ilivyosimama, mkaichore hata kwa mkaa ukutani. Papa Etieni alinifundisha hivyo kwa kunyamaza, na mimi kwa kunyamaza nikasahau.

Hajji alinirudisha Arua kwa lori lake mwenyewe, nikiwa nimekaa mbele, ili njia nzima ione. Malori yaliyosema mimi mwizi yakasema sasa mimi si mwizi, na yakaeleza kwa nini, pamoja na bakuli, petroli na brashi. Kabla ya mwisho wa wiki hakukuwa na mtu hata mmoja Arua aliyenishuku kwa wizi. Nilipanga meza, nikachemsha chai, nikakaa kwenye kiti changu nikingoja redio zirudi. Hazikurudi. Watu walipita, wakanisalimia kwa furaha kubwa, wakaendelea na redio zao kwapani kuelekea sokoni.

Mama Ezati naye alipita na redio yake ndogo, ile ya kusikilizia matangazo ya vifo, ambayo nilijua imeharibika. Nikamuuliza kama hata yeye, jirani yangu, bado ananiogopa kwa wizi. Alisimama akanijibu hivi, na nalirudia neno lake kama alivyolisema:

"Mimi najua wewe hapana mwizi. Mwizi nakula kitu moja, ingine naacha. Fundi mwenye hajui kazi ya kitufe, huyo naua yote."